Ishaq na Mwiba wa Mwatiko

Sogeeni, enyi wa mabarazani na enyi wa majikoni. Mwenye kashata aimalize kuitafuna, mwenye simu aizime, na anayenuka shombo asione haya, aje akae mbele kabisa, kwani habari hizi zinamhusu. Nakusudia kuwasimulia mambo ya Ishaq bin Omari wa Malindi, Simba wa Sevieti, Amiri wa Uma na Kisu, Bwana wa Kiti cha Mbele, na jinsi alivyopigana mchana kweupe, mbele ya kadamnasi, vita ambavyo mfano wake haujapata kuonekana tangu mtaa wa Shela ujengwe. Mmesikia habari za majemadari waliovunja ngome. Vyema, lakini hao walikuwa na majeshi na mizinga. Ishaq alikuwa peke yake, ameketi, amefunga tai juu ya kanzu, na adui yake hakuzidi urefu wa ukucha, naye alikuwa amejichimbia ndani ya koo la shujaa mwenyewe.

Nianze na nasaba ya adabu zake, maana adabu za Ishaq zilikuwa na nasaba ndefu kuliko yeye. Alizaliwa hapo hapo Shela, katika nyumba ambayo mamake aliwapakulia watoto wote katika sinia moja, na aliyechelewa kunawa alikuta sinia limebaki jeupe. Ila ujana wake aliumalizia Watamu, katika hoteli ya Wataliano, akaingia mwosha vyombo, akapanda akawa mpanga meza, akapanda tena akawa mkuu wa wapanga meza, mwenye tai nyeusi na glavu nyeupe. Wenziwe wakistaafu hurudi nyumbani na maradhi ya mgongo. Yeye alirudi na adabu, akaziingiza ndani kama mtu aliyerudi na mke wa pili, na Batuli, mkewe wa siku zote, hakupewa hata nafasi ya kuzizoea.

Jamvi likakunjwa likatupwa juu ya kabati. Ikaletwa meza, vikaletwa viti, yakaletwa maua ya plastiki ndani ya chombo cha kioo, na maua hayo yakawa yakitiwa maji kila siku. Kisha Ishaq akasimama mbele ya mkewe na binti yake, kifua mbele, akatoa amri iliyotetemesha masufuria.

"Sikilizeni, ahali zangu. Tangu leo mkono hautaingia sahanini katika nyumba hii. Mkono umeumbwa kwa kusalimia watu na kutilia sahihi. Mambo ya kufinyanga matonge na kuramba vidole tumewaachia ambao hawajaiona dunia."

Batuli, aliyekuwa akichambua mchele wakati ule, alimuuliza kama katika dunia hiyo aliyoiona yuko mtu aliyewahi kula samaki wa mwatiko kwa uma akasalimika. Wastaarabu hawajibu maswali ya jikoni. Tangu siku hiyo mama na binti wakawa wanakula uani kwa raha zao, na Simba wa Sevieti akawa anakula mezani peke yake, glasi tatu mbele yake, zote za maji ya bomba, akijiambia prego, yaani karibu, na kujijibu grazie, yaani ahsante.

Huyo binti ndiye Widad, na yeye ndiye sababu ya vita. Ishaq hana mtoto mwingine. Widad alipokuwa mdogo na Ishaq hajafika kwenye tai, alikuwa akirudi kazini humpakata, akamchambulia samaki kwa vidole vyake, akikibinya kila kipande mpaka ahakikishe hakina mwiba, ndipo amtilie mdomoni. Mtoto alikua hajui mwiba ni kitu gani. Sasa amekuwa mwanamke, anafundisha watoto wa chekechea, na moyo wake umekwenda kuangukia wapi? Umeangukia Takaungu, kwa Mahdi, kijana anayefuga samaki katika mabwawa kando ya mkondo, ambaye kutwa yumo topeni mpaka magotini.

Ishaq alikuwa akitamani mkwe wa ofisini, mtu wa kiyoyozi. Wazee wa Mahdi walipokuja mara ya kwanza aliwaambia anafikiri, na akafikiri mpaka watu wa Takaungu wakaanza kuambiana kwamba kuna msichana huko Lamu, mjukuu wa shangazi, ambaye babake hafikiri sana. Widad hakulia wala hakugomba. Aliacha tu kumwambia babake habari za shuleni, akawa anamsalimia shikamoo na kupita. Hilo lilimuumiza Ishaq kuliko ambavyo angekiri. Usiku mmoja akamwambia Batuli, taa zimeshazimwa, kwamba waje tena, atakubali. Lakini kwanza, akasema, atawaonyesha watu wale wa topeni jinsi chakula kinavyoliwa, ili wajue binti wanayemchukua ametoka nyumba gani. Batuli alisema alhamdulillahi kwa ile nusu ya kwanza, na ile ya pili akaigeuzia mgongo akalala.

Ikumbukwe pia sheria ya posa, maana hapo ndipo mtego ulipotegwa. Msichana akiulizwa akanyamaza, amekubali. Baba akiulizwa akanyamaza, amekataa. Baba lazima atamke kwa kinywa chake mwenyewe, tena pale pale, na kutikisa kichwa hakuhesabiwi. Ishaq alilijua hilo, akatunga hotuba ya kukubali, yenye aya za kuingilia na aya za kutokea, akaifanyia mazoezi mbele ya kioo huku akinyoa.

Basi Jumapili baada ya adhuhuri wakaja. Upande wa wanaume aliongoza Mzee Dzombo, ami yake Mahdi, pande la mtu, mwenye viganja vya kuvutia nyavu za jarife, na pamoja naye wazee wawili wa msikitini kwao, mmoja ana kofia ya kijani, mwenziwe kikohozi. Upande wa wanawake aliongoza Bi Kabibi, mamake Mahdi, akapitishwa moja kwa moja uani, ambako Batuli alikuwa ameshaliteremsha lile jamvi na kulitandika bila kumuuliza mtu. Na mkononi Mzee Dzombo alikuwa na kikapu, na ndani ya kikapu mlikuwa na mwatiko wa Mahdi, wakubwa, wa kuwatazama ukatabasamu. Zawadi ya mposaji haifichwi kwenye friji. Hupikwa ikaliwa siku ile ile, na mwenye nyumba ndiye anayetangulia kuionja. Samaki wakapakwa tui la nazi na ukwaju, wakaingia jikoni, na harufu ikapita dirishani ikaenda kuwasumbua majirani.

Sasa, mwatiko ni samaki mtamu, nyama yake laini, nyeupe, haina ubaya. Ubaya ni kwamba ndani ya nyama hiyo ana miiba myembamba kama nywele, iliyopandwa kila upande bila mpango wowote. Ndiyo maana pwani nzima humla kwa vidole, kwa sababu kidole huugundua mwiba kabla ulimi haujakutana nao. Mtoto wa Takaungu hulijua hilo kabla hajajua kufunga kifungo cha shati. Ishaq pia alilijua, tena vizuri, ila tangu afunge tai alikuwa amejisahaulisha.

Wageni waliketishwa vitini. Mzee Dzombo alikunja mkono wa kanzu mpaka kwenye kiwiko, akatazama kulia akitafuta birika la kunawia, akatazama kushoto akitafuta bakuli, asione hata kimoja. Akaukunjua mkono wa kanzu taratibu, akaulaza mezani. Ishaq akawaelekeza silaha zao, uma huu wa hiki na uma ule wa kile, kisu upande wa kulia na makali yametazama ndani, sevieti mapajani. Mzee wa kofia ya kijani aliuliza kwa upole kama sevieti ile mtu huondoka nayo.

Hapo majeshi yakakutana. Lo, jamani, mchana ule meza ya Ishaq iliona maangamizi. Mzee wa kikohozi aliufukuza mnofu wa samaki kwa ncha ya kisu kuzunguka sahani nzima asiupate. Wa kofia ya kijani alipakia wali juu ya uma kwa subira ya mjenzi, akaunyanyua, ukaporomoka kidevuni, akaanza upya. Mzee Dzombo alijaribu mara moja tu, akaweka silaha chini, akabaki anamtazama samaki wa Mahdi jinsi mtu anavyomtazama jamaa aliye ng'ambo ya mto. Na kutoka uani, nyuma ya pazia, zikawa zinakuja sauti za wanawake wanaokula, vicheko, masinia yakikwaruzwa, na Bi Kabibi akisifu tui. Njaa iliyokuwako mezani kwa wanaume iliweza kusikika.

Ishaq peke yake hakurudi nyuma. Alikata, akadunga, akanyanyua, akafunga macho kidogo kama walivyokuwa wakifanya Wataliano, akatia mdomoni. Sahani yake haikuwa na doa, tai yake haikuwa na tone. Akajiona yuko juu ya farasi. Na katika kipande cha mwisho, palipokuwa pamebaki hatua ndogo tu apate ushindi, mwiba ukapita. Uma haukuuona, kwani uma hauna ngozi. Ulimi uliushtukia umeshachelewa. Ukateremka, ukafika pale nyuma ya ulimi ambapo hapafikiki, ukajikita.

Mtu mwingine angekohoa. Mtu mwingine angeita, angetia kidole mdomoni, angeruka ruka, na nyumba nzima ingemjia kumpiga mgongo. Ishaq alikumbuka kwamba mstaarabu hakohoi mezani. Akanywa maji kidogo, kwa mdomo mwembamba. Mwiba ukakaa. Akanywa glasi ya pili, akanywa ya tatu, na hapo kwa mara ya kwanza zile glasi tatu zikawa na kazi, lakini mwiba haukujali. Machozi yakamlenga. Akachukua sevieti, akaiweka mdomoni, akafumba macho, akajishika koo kwa vidole viwili akilisukuma juu na chini.

Wageni wake walikuwa wameona mengi tangu waingie ambayo hawakuyaelewa, wakadhani na hili limo katika mpango. Mzee wa kofia ya kijani, ambaye hakutaka kuaibisha Takaungu, aliweka sevieti mdomoni, akafumba macho, akajishika koo. Mzee wa kikohozi akafuata. Wakabaki hivyo, watu wazima watatu wamefumba macho wanasukuma makoo, na Mzee Dzombo akiwatazama mmoja mmoja.

Dzombo alingoja mpaka wakafungua macho. Kisha, kwa kuwa aliona chakula kimekwisha bila ya yeye kula, akajinyoosha kitini, akaanza neno lililomleta, na sauti yake ikanyamazisha uani.

"Bwana Ishaq, tumekula chumvi yako, na tulichoshindwa kukila angalau tumekiona. Hii ni mara yetu ya pili kuvuka mlango huu. Kijana wetu Mahdi hana tai, wala hana kazi ya kivulini. Anafuga samaki kwenye tope, na mikono yake umeiona ilivyo. Lakini mikono hiyo haijachukua cha mtu, wala haijainuliwa juu ya mnyonge. Tunamposea binti yako Widad, kwa heshima zake na zako. Tupe neno tulipeleke Takaungu."

Pazia la uani likatikisika. Ishaq alijua ni nani aliyelishika. Akainuka, akakaza tai, akaiita ile hotuba yake na aya zake zote za kuingilia, akafungua kinywa. Kikatoka kitu kama mlango uliokosa mafuta. Akajaribu tena, mwiba ukachoma, hakikutoka hata hicho. Akainua kidole kuomba wamngoje. Mzee wa kofia ya kijani naye akainua kidole.

Dzombo alisema huenda hakusikika vizuri, akarudia kwa kifupi: anawapa, au hawapi? Ishaq alitikisa kichwa kwa nguvu, mbele na nyuma, huku akionyesha koo, na machozi sasa yanamtiririka. Lakini kichwa hakihesabiwi, na kwa aliyekuwa nje ya koo lile, machozi yale yalikuwa sura ya mtu anayekataa na kujionea huruma.

"Basi tumeelewa," akasema Mzee Dzombo, na hakusema kwa hasira, alisema kwa uchovu. "Mtu aliyetutia kisu mkononi badala ya maji ya kunawa alikuwa ameshatujibu tangu tulipoketi. Sisi ndio tuliochelewa kusikia." Akasukuma kiti nyuma. Wenziwe wakaweka sevieti zao mezani, zimekunjwa vizuri kama walivyozikuta, wakasimama. Huko uani Bi Kabibi alisikika akiuliza buibui lake liko wapi.

Na nyuma ya pazia pakasikika mtu akivuta pumzi ya kulia na kuizuia.

Enyi wasikilizaji, hapo ndipo mashujaa hupimwa. Ishaq alijua dawa. Kila mtu aliyezaliwa pwani anaijua. Mamake alimpa mara nyingi pale pale Shela: tonge moja la wali, kubwa, lililobinywa likashikana, unalimeza zima bila kutafuna, nalo linaukumba mwiba linakwenda nao. Akashika uma, akachota wali, akameza. Punje zikapita pembeni ya mwiba moja moja, kwa adabu, bila kuugusa. Akachota tena. Zikapita tena. Aliutazama ule uma wake wa kung'aa, alioulinda maisha yake yote, na akaona jambo ambalo hakuwa ameliona katika miaka yote ya Watamu: uma haufinyangi tonge. Una meno, lakini hauna kiganja.

Mzee Dzombo alikuwa ameshafika kwenye viatu vyake.

Ishaq akautupa uma. Uliruka, ukagonga glasi, ukaanguka sakafuni kwa mlio ambao majirani wanasema waliusikia. Akaing'oa tai. Akanyakua kile chombo cha kioo, akang'oa maua ya plastiki akayarusha huko, na kwa yale maji yaliyotiwa kila siku bila faida akanawa mkono wake wa kulia, juu ya kitambaa cheupe cha meza, chapa chapa. Akakunja mkono wa kanzu. Kisha akauingiza mkono wote kwenye sahani kuu ya wali wa nazi, ukazama mpaka kwenye saa.

Na mkono haukuwa umesahau. Miaka ya glavu nyeupe haikuufunza ujinga. Ulimega, ukabinya, ukazungusha, ukabinya tena, na tui likaushikanisha wali, likatokea tonge la ukubwa wa limau, laini, limekamilika, tonge ambalo marehemu mamake angeliona angesema sasa umenawa. Akalitia mdomoni lote. Mashavu yakajaa. Macho yakamtoka. Watu wa Takaungu wakageuka mlangoni, kiatu kimoja kimoja miguuni, wanatazama. Batuli akalifungua pazia lote. Koo la Ishaq likapanda, likakwama, likatetemeka, tukamwachia Mungu. Kisha likashuka.

Mwiba ukaenda nalo, na haukuonekana tena.

Ishaq alivuta pumzi mpaka ikafika kwenye vidole vya miguu. Akaitafuta hotuba yake, haikuwako hata aya moja, pengine nayo ilikwenda na tonge. Akasema kwa sauti iliyokwaruza:

"Nimekubali. Kwa kinywa changu, mbele yenu. Nilikuwa na mwiba." Akamgeukia mkewe, wali bado uko kidevuni. "Batuli, hawa watu wana njaa. Leta maji wanawe."

Mzee Dzombo alimtazama kwa muda, akatazama kidevu chake, akatazama kitambaa cha meza kilivyolowa, na mabega yake makubwa yakaanza kutikisika. Alicheka mpaka akashika ukuta. Alipoweza kusema, alisema kwamba tangu aingie nyumba hii, sasa ndiyo ameona mtu. Viatu vikavuliwa. Jamvi likaburutwa kutoka uani mpaka sebuleni, samaki waliopoa wakapashwa moto, na wazee wa Takaungu wakala mchana ule kama watu waliotoka mfungo. Yule wa kofia ya kijani aliuliza kama kule kufumba macho kumefutwa au kunaendelea.

Widad ndiye aliyeleta birika. Alimmiminia babake maji mkononi, macho ameyainamisha kama inavyompasa msichana aliyeposwa, ila midomo yake ilikuwa ikikataa kutulia. Ishaq alivuta sahani, akachukua kipande cha mwatiko, akakipapasa kwa vidole, akautoa mwiba mmoja, akautoa mwingine, akakibinya huku na huku mpaka alipohakikisha hakuna kilichobaki. Kisha akanyoosha mkono, mbele ya wakwe, mbele ya wazee wa msikiti. Na Widad, mwalimu wa watu, mchumba wa mtu, akafungua kinywa akalishwa.

"Ijumaa palikuwa na mambo mengi shuleni, baba, sikukwambia tu," akasema huku akitafuna. Na akaanza kumsimulia.

Hivyo ndivyo Shela ilivyookolewa. Mpaka leo watu wa mtaa ule wakipanga miaka husema jambo fulani lilikuwa kabla ya Tonge au baada ya Tonge. Ile meza Batuli anapigia pasi. Ule uma uliotupwa umepinda jino moja, na hutumika kuparia magamba, kazi ambayo unaiweza. Zile sevieti alizipeleka Widad shuleni, watoto wanapangusia makamasi.

Na vizazi vijavyo viambiwe bila kufichwa kitu: siku ile, baada ya wageni kushiba na kahawa kupita, Ishaq bin Omari, mshindi wa mwiba, aliutazama mkono wake wa kulia uliojaa tui la mwatiko wa mkwewe. Akatazama kulia, akatazama kushoto. Kisha akaramba vidole, kimoja baada ya kingine, mpaka cha mwisho.